Nani anakufukuza?

Siku ya tatu leo, na swali la yule mzee sijalimeza wala sijalitema. Maonyesho ya Xiamen, huku China, yamepita salama, ukumbi ulijaa mara mbili, na mpiga fidla wetu ametangaza kwamba safari hii ndiyo yake ya mwisho. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nataka kuandika mji wa Quanzhou.

Tulipewa siku moja ya mapumziko. Wenzangu wakaenda madukani, mimi nikapanda treni, haikufika hata saa nzima, udi wangu, ala yangu ya nyuzi, mgongoni kwa sababu siuachi hotelini, mnanijua. Nilitaka kuuona msikiti wa Qingjing, uliojengwa mwaka 1009. Ukumbi wake wa kusalia hauna paa tena. Zimebaki kuta za mawe zilizochongwa maandishi ya Kiarabu, na juu ni mbingu tu. Nikaukumbuka wetu wa Kizimkazi, Zanzibar, wa mwaka 1107, nikahisi nimekuja kumwamkia kaka yake mkubwa. Ibn Battuta, msafiri yule wa kale aliyepita Kilwa mwaka 1331, alikuja kufika hapa pia. Mji aliuita Zaitun, na akasema wazi kuwa zaituni zenyewe hakuziona.

Alasiri nikaufuata mlio wa filimbi mpaka kwenye nyumba ya chai. Walikuwa wanapiga nanyin, muziki wao wa kale. Mwimbaji mwanamke alishika vibao vitano vya mti, anavigonga kwa nadra sana. Pembeni yake mzee mmoja alikuwa na pipa, ndilo jina la ala yao ya nyuzi, ameilaza mapajani vile vile tunavyolaza udi. Nyuzi nne, tumbo kama la tunda lililokatwa katikati. Moyo ulinipiga. Inasemwa udi na pipa ni ndugu, asili yao Uajemi.

Mzee akauona mfuko wangu, akanyoosha kidole. Nikautoa udi. Nikapiga taksim fupi, ya kubuni papo hapo, halafu ile bashraf yetu, muziki mtupu usio na maneno, ile ambayo nyumbani watu huanza kushangilia kabla haijaisha. Walipiga makofi wote isipokuwa yeye. Alisubiri nyuzi zitulie, akasema maneno machache. Mjukuu wake akayaandika kwenye simu, simu ikatamka kwa Kiswahili:

"Nani anakufukuza?"

Nikajibu, "Hakuna, mzee." Akatikisa kichwa polepole. Akaugusa uzi mmoja wa pipa, mara moja tu, na sote tukakaa kimya mpaka sauti ikaisha yenyewe. Hakusema tena.

Kwenye treni nilichukia. Miaka 22 napiga udi! Nikatunga majibu: kwamba muziki wetu una mwendo wake, kwamba simu imetafsiri vibaya. Nani anakufukuza. Huenda alisema kitu kingine kabisa. Nani anakufukuza.

Usiku, nikiwa kitandani, nikaipitia bashraf kichwani, nikapaona mahali penyewe ninapoanza kukimbia. Ni khana ya pili, sehemu ya pili ya bashraf. Na nikajua ni nani. Ni miaka yote ile ya kupiga hotelini, dakika 20 kabla ya chakula, meneja amesimama mlangoni anatazama saa, na wahudumu wameshabeba sinia. Sinia zile ndizo zinazonifukuza, mpaka China.

Nikainuka, nikapiga upya kwa sauti ya chini, nikiacha kila uzi umalize neno lake. Mwenzangu wa chumbani, mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ambaye tumeipiga bashraf hiyo pamoja mara zisizohesabika, akageuka akauliza, "Hii ni ipi?" Sijapata furaha kama ile tangu tuanze safari.

Sasa huku ni saa sita usiku, kwetu saa moja. Kaka ametuma picha ya ukuta wa jiko la Mama. Jirani amechimba msingi mpaka ubavuni mwetu, na ule ufa niliouacha mwembamba kama unywele, kwenye picha vidole vitatu vya Kaka vimeingia. Mama mwenyewe tangu magharibi hapokei simu.