Siku moja maishani mwangu: banio kwanza, samaki baadaye

Saa 11 alfajiri

Simu ya kwanza leo imetoka kwa kijana wa zamu kule banioni, penye kizuizi kinachoelekeza maji ya mto kwenye mfereji wetu. "Katibu, maji yameshuka usiku. Leo tunaingia." Nimeamka nikiwa na nguvu ambayo sikuwa nayo wiki nzima.

Mimi ni katibu wa chama cha wamwagiliaji katika kijiji kimoja cha Bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Ninalima mpunga na kufuga samaki. Tuko Julai 2024, na tangu mvua zilipokatika sijafanya kazi nyingine zaidi ya kufukua. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 zilipokezana na masika bila kutupa nafasi ya kupumua. Banio likafukiwa na mawe, mfereji mkuu ukakatika sehemu tatu, majaruba ya chini (vipande vya shamba la mpunga vyenye matuta pembeni) yakalala chini ya mchanga, na mabwawa yaliyokuwa jirani na mto yakawa mto wenyewe. Aprili 25 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini kwa mvua hizo, na kaya zilizoathirika zinafika takriban 51,000. Kijijini kwetu hatukuzika mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapopita penye nyumba zilizobaki misingi.

Kinachotukimbiza sasa ni kalenda. Mpunga wa SARO 5, aina ya mbegu tunayopanda, unachukua siku kama 120 mpaka kuvunwa, na miche hukaa kitaluni wiki tatu kabla ya kupandikizwa. Tukisia mbegu mwezi huu, tunavuna kabla bonde halijajaa tena. Tukivuta mpaka Oktoba, tutavunia kwenye maji.

Saa 1 asubuhi

Banioni tumefika na sururu, mitaimbo na machepe. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, kama kawaida ya kazi za chama. Mzee fundi, aliyeshiriki kujenga banio hili, ameshafika na amekaa juu ya jiwe akiutazama mto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Msianze na mawe. Anzeni na ule mlango."

Anauzungumzia mlango wa kusafishia mchanga. Nataka watu wauelewe, maana wengi wakiona banio wanadhani kazi yake ni kuzuia maji tu. Banio lina mlango wa kuingiza maji mferejini, na pembeni yake, chini zaidi, lina mlango wa pili unaorudisha maji mtoni. Mlango huo ukifunguliwa mto ukiwa na nguvu, maji yenyewe yanakokota mchanga uliojikusanya mbele ya mfereji na kwenda nao. Usipofunguliwa msimu mzima wa mvua, mchanga unapanda mpaka unaingia mferejini, na hapo mtafukua kwa mikono kitu ambacho mto ungekibeba bure.

Mlango wetu umeganda kwa kutu. Vijana wameufukua mpaka chini, mzee akamimina oili chafu kwenye skrubu ndefu inayoupandisha, akaisugua kwa brashi ya waya, akamimina tena. Tumesubiri. Vijana wawili wameshika usukani wa chuma, wakaurudisha nyuma robo duara, mbele kidogo, nyuma tena. Mara skrubu imelia, mlango umepanda kama upana wa kiganja, na maji mazito ya rangi ya udongo yametoka kwa kishindo kule chini. Mbele ya mlango mchanga ulianza kubomoka vipande vipande na kuingia kwenye shimo. Watu wamepiga vigelegele. Ndani ya saa moja mto ulikuwa umetoa mchanga ambao sisi tungeutoa kwa siku kadhaa.

Mawe makubwa hayatoki kwa maji. Hayo tumeyaviringisha kwa mitaimbo na kuyapanga kwenye gabioni mpya, yaani vizimba vya waya vya kujaza mawe, upande ambao mto uliula ukingo.

Saa 4 asubuhi

Nimeacha kundi moja banioni, nikashuka na jingine kwenye sehemu ya pili ya mfereji iliyokatika. Hapa maji ya mlimani yaliukatiza mfereji, yakauvunja na kuacha korongo. Tumeshajaza udongo na kuushindilia. Leo ni siku ya kupima mteremko.

Hatuna mashine ya upimaji. Tuna mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa mafundi ujenzi. Mtu mmoja anashika ncha hii kwenye kigingi, mwingine anashika ile kwenye kigingi cha mbele, na maji yakitulia, usawa wa huku na wa kule ni mmoja. Kazi kubwa ni kutoa viputo vya hewa. Kiputo kimoja tu kikibaki katikati ya mpira, kipimo kinadanganya. Tunataka mfereji ushuke sentimita 10 kwa kila mita 100. Ukishuka zaidi, maji yanakimbia na kuchimba udongo. Ukishuka pungufu, yanalala, tope linatuama, magugu yanaota na konokono wa kichocho wanapata makazi. Ndiyo maana nasisitiza buti za mpira, hata kama joto ni kali.

Wakati tunapima, amefika baba mmoja mwenye majaruba ya juu, kitalu chake kinakauka.

"Katibu, kwangu mfereji ni mzima. Fungueni maji yafike kwangu, huku chini mtaendelea."

Hoja yake naielewa. Lakini udongo uliojazwa jana, ukipitishiwa maji leo, utaondoka nayo, na waliopo mkiani mwa mfereji wataumia mara ya pili. Mkiani yuko bibi mmoja mjane ambaye jaruba lake lina mchanga unaofika magotini. Nimemjibu baba yule kwa heshima kwamba maji yatafunguliwa mfereji wote ukiwa tayari, na kwa sasa tutampa vijana wamsaidie kubeba maji kwa ndoo mpaka kitaluni. Amekubali kwa shingo upande. Chama kinachowapa maji wa juu na kuwaachia wa chini mchanga hakitaitisha tena kazi ya pamoja watu wakaja.

Saa 7 mchana

Ugali, dagaa na matembele chini ya mwembe. Nusu saa tu.

Saa 8 mchana

Sasa mabwawa. Majirani wananiuliza kila siku kwa nini sijapandikiza samaki wakati bwawa la juu lilikuwa limejaa maji. Lilijaa maji ya mafuriko yaliyobaki, na ndani yake kulikuwa na kambale walioingia na mto. Ukiwatia vifaranga humo, umewalisha kambale. Kwa hiyo nimelikausha. Sakafu iliachwa juani mpaka ikapasuka nyufa, tope la juu tukalitoa na kulipeleka kwenye bustani ya mboga, na leo tunamwaga chokaa ya kilimo. Kipimo ni kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100. Bwawa langu ni mita 10 kwa 20, kwa hiyo nimenunua kilo 40. Vidimbwi vilivyobaki tunavichota mpaka vikauke, maana humo ndimo kambale wanapojificha.

Ukuta wa upande wa chini ulibomoka, tunaujenga upya. Bwana samaki wa kata, yaani afisa uvuvi, amekuja kuukagua. Ameinama, akachukua udongo kiganjani, akaulowanisha, akaufinyanga kuwa donge, akalirusha juu na kulidaka. Limesambaratika. "Dada, huu una mchanga mwingi, utavuja." Tumechimba hatua chache pembeni, kwenye kichuguu cha zamani, akafanya vilevile. Donge limerudi kiganjani zima, likiwa na alama za vidole vyake. Huo ndio udongo wa kuweka katikati ya ukuta, kuanzia kwenye mtaro uliochimbwa chini ya msingi, na kuushindilia tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 20. Juu tutapanda ukoka. Miti hapana: mizizi yake ikioza inaacha njia za maji.

Bwawa la chini silirudishi. Marehemu baba alilichimba zamani, hatua chache kutoka mtoni, kabla ya Sheria ya Mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Inaniuma, kwa sababu ada zetu za shule zilitoka humo. Ila kuna jambo linaniuma zaidi, na naona halizungumzwi vya kutosha katika mikutano ya wafugaji. Mafuriko yanapopita kwenye mabwawa, sato wetu, ambao ni samaki wa kuletwa, wanakwenda mtoni. Maji ya Kilombero yanakwenda Rufiji, na humo kuna perege wake wa asili, perege wa Rufiji, ambao hawakuletwa na mtu. Sato wakikutana nao wanazaliana, na vizazi vinavyofuata vinachanganyika. Samaki aliyelisha bonde hili tangu enzi za mababu anaweza kupotea taratibu bila mtu yeyote kumvua.

Msimamo wangu ni huu: bwawa linaloweza kufikiwa na mafuriko lifugwe perege wa mto huohuo, au lisifugwe kabisa. Wenzangu wanasema sato anakua haraka na vifaranga vyake vinapatikana kwa urahisi, na ni kweli. Kwa hiyo sato abaki kwenye mabwawa ya juu, ukuta uzidi usawa wa maji kwa nusu mita, na bomba la kutolea maji lifungwe wavu. Bwana samaki ameahidi kulipeleka suala la vifaranga vya perege wilayani. Nitamfuatilia.

Saa 11 jioni

Nimepita mkiani kumwona bibi. Vijana wamemtolea mchanga robo ya jaruba. Chini yake kuna tope laini jeusi lililoletwa na mafuriko, na bibi amelichukua akalisugua kati ya vidole. "Hili ni mbolea, mjukuu wangu. Waambie wasilitoe." Nimewaambia: mchanga utoke, tope libaki lilimwe.

Saa 2 usiku

Daftari. Waliofika, waliotuma mwakilishi, waliotoa udhuru. Fedha ya oili na ya waya wa gabioni. Chokaa yangu nimeiandika kando isichanganyike na hesabu ya chama. Imebaki sehemu ya tatu ya mfereji, ambayo ni fupi kuliko zote lakini ina korongo lenye kina kirefu. Bwawa langu litasubiri mpaka mfereji upitishe maji safi, kisha samadi, kisha siku kadhaa maji yageuke kijani. Nikizamisha mkono na kiganja kikapotea maji yakifika kwenye kiwiko, ndipo nitaagiza vifaranga 400, wawili kwa kila mita ya mraba.

Ujumbe nilioutuma kwenye kundi la chama: kesho saa 12 kamili asubuhi, sehemu ya tatu, wa juu na wa chini wote. Kila mtu na chepe lake, mwenye toroli alete, na mzee fundi afuatwe kwa pikipiki.