Rangi ya unga: usiuache uishie jalalani

Kwenye karakana za mageti hapa Tabora zinazopaka rangi ya unga, yaani rangi kavu inayopulizwa kwa chaji ya umeme ishike chuma kisha kuokwa, uchafuzi mkubwa ni unga unaodondoka chini. Anza na waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini: ukinzani usizidi megaomu 1. Ndoano zinazoning'iniza chuma zikiwa na ganda la rangi ya zamani, umeme haupiti na unga haushiki chuma. Ukidondoka, ukusanye, uchekeche, uchanganye na mpya, ila mpya uwe mwingi zaidi, kwani chembe zilizorudi huwa laini mno. Masika unga hunyonya unyevu na kugandamana, funika ndoo.

Unga wa kawaida huiva chuma kikifika nyuzi 180 hadi 200. Upo wa nyuzi 160, unaookoa nishati. Dakika za kuoka zihesabiwe chuma kikishapata joto, si hewa ya tanuri. Na kromati, dawa ya kuandaa chuma kabla ya kupaka rangi? Achaneni nayo, dawa ya zirkoni inatosha.