Kuku wangu waliponyonyoka manyoya

Nilipofungua banda asubuhi ile nilijua kicheche kaingia. Manyoya yametapakaa kila mahali, kana kwamba mtu amepasua mto wa kulalia. Nikahesabu kuku: wote sita wapo, na jogoo wao. Tone la damu hakuna. Ila mtetea mweusi alikuwa shingo tupu, na wiki nzima hakuwa ametaga.

Nikakimbilia dawa. Niliwakamata mmoja mmoja nikawapaka unga wa kuua wadudu, nao wakapiga kelele za kupita kiasi. Nikasema ni woga tu. Siku ya tatu nilipopuliza kifua cha yule mweusi nikaona ngozi imejaa vitu kama miiba, rangi ya bluu iliyokoza, kila kimoja kimevikwa ganda jeupe. Manyoya mapya! Yakiwa machanga huwa na damu ndani, na ukiyabana kuku anaumia. Mimi nilikuwa nayabana kwa mikono miwili.

Kumbe alikuwa anabadilisha manyoya tu. Kuku aliyekwisha kukomaa hufanya hivyo karibu kila mwaka, hasa mchana unapofupika: kichwa na shingo kwanza, mkia mwishoni. Mayai hukoma, kwa sababu unyoya ni protini kwa zaidi ya 80%, na mwili haumudu kazi zote mbili. (Nakiri nilishaanza kumpigia hesabu ya sufuria.) Nilichofanya ni kumpa chakula chenye protini karibu 20% badala ya kile cha kawaida cha 16%, na kuacha kumshikashika. Baada ya wiki kumi hivi alikuwa anang'aa.

Aliyeniumiza kichwa ni mwekundu. Shingo imejaa, kifua kimejaa, kipara kiko mgongoni na kisogoni tu, na mashina ya manyoya yamekatikakatika. Huyu hakunyonyoka, alinyonyolewa. Kwanza nikashuku utitiri, ambao mchana hujificha kwenye nyufa na usiku hutoka kunyonya damu. Nikaingia bandani usiku na tochi, nikapitisha kitambaa cheupe chini ya vijiti vya kulalia. Kikatoka na vumbi, bila michirizi myekundu. Chini ya mkia, ambako chawa hugandisha mayai yao kwenye mashina ya manyoya, kulikuwa safi.

Basi kesho yake nikaketi kwenye ndoo nikatazama. Haikuchukua muda: jogoo alikuwa na kipenzi chake. Kila mara yuko juu ya mwekundu, kucha mgongoni, mdomo umeng'ang'ania kisogo, na wale wengine watano hata hawaangalii. Nikamtenga jogoo kwa wavu siku hiyohiyo.

Mweusi ameshaanza kutaga. Mwekundu bado ana kipara, maana unyoya uliokatika haurefuki tena. Shina lake lazima lidondoke ndipo mwingine uote. Kwa hiyo sasa nasubiri anyonyoke.