Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya rejesho, soko la samaki la Mwaloni, Mwanza

Saa 10:30 alfajiri

Biblia ya marehemu mama naiweka juu ya ndoo ya unga, maana ndipo mahali pekee chumbani ambapo panya hawapandi. Ni Union Version, tafsiri iliyotoka mwaka 1952, bado ina "walakini" zake. Jalada nimelivika nailoni. Kurasa za Zaburi zinanuka dagaa na nimeshaacha kuona aibu.

Leo Alhamisi, siku ya rejesho, kulipa sehemu ya mkopo. Mnaoijua mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, hamhitaji maelezo. Nilichukua laki nne, nikanunua dagaa wabichi Igombe. Chanja, zile meza za kuanikia, zilikuwa zimejaa, nikaanika mchangani kwa haraka zangu. Saa 9 mchana mvua ikashuka bila hata ngurumo. Dagaa akishaanza kukauka halafu akalowa, anabadilika rangi, anakuwa kama kahawa iliyomwagika. Hafai tena sahani ya mtu, anafaa kuku. Na kwa kuku ndiko walikokwenda, magunia saba, kwa bei ya kuku.

Tangu siku ile watu wananitumia mistari kwenye simu. Wengi ni Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani. Siukatai. Ila ukipanda mstari mmoja tu juu yake, watu wale walioko uhamishoni Babeli wanaambiwa wasubiri miaka 70. Mimi rejesho langu ni saa 8 mchana.

Ninayosoma mimi wiki hizi ni Zaburi ya 88. Mara ya kwanza nilidhani ukurasa umechanika. Mtu analia mchana, analia usiku, unasubiri pale mwishoni ageuke aseme "walakini", hageuki. Inaishia gizani. Nikakaa nayo kitandani nikawaza: waliokusanya zaburi waliiona hii, wakaiacha imo. Basi naomba kwa maneno yake, na hakuna wa kuniambia sina imani, maana maneno si yangu.

Saa 12 asubuhi

Nashuka mawe ya Mabatini na beseni kichwani, halafu daladala mpaka Kirumba. Kondakta anadai beseni lilipiwe kama abiria. Tunabishana hadi mjini. Nimelipa nusu.

Saa 1

Mwaloni kumeshachangamka. Tunasalimiana Kisukuma: "Mwangaluka, mayu!" "Mwangaluka!" Mitumbwi ya visiwani imeshafika na makuli wanapanda na magunia mgongoni. Hizi ni siku za giza, mwezi hauonekani, kwa hiyo wavuvi wa dagaa wanafanya kazi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, watu wanalala na bei inapanda.

Leo sina mtaji wa gunia, kwa hiyo nauza kwa sado. (Wageni huuliza sado ni nini. Ni lile kopo la rangi la lita nne, lilianza na jina la kampuni ya rangi, sasa linapimia kila kitu kuanzia maharage hadi dagaa.) Sado sita kufikia saa 4. Si vibaya, wala si vizuri.

Saa 5

Hii ndiyo saa ninayoipenda. Jua limekaza, wateja wamepungua, tunakaa chini ya turubai kuchambua dagaa: mchanga huku, furu (visamaki vingine) na vijiti kule. Tuko wanne. Mkubwa wetu ni bibi mmoja wa Ukara, hajui kusoma, lakini Biblia ameihifadhi kichwani kuliko mimi. Kila siku anataka kitu kimoja: "Soma ule wa samaki."

Ule wa samaki ni Yohana 21. Petro anasema naenda kuvua, wenzake wanamfuata, na usiku ule hawakupata kitu. Ziwa lenyewe ni dogo, Galilaya ina kilomita za mraba 166 hivi na hili letu linapita 68,000, lakini nyavu tupu ni nyavu tupu. Nikifika pale Petro anapojifunga vazi lake kwa kuwa alikuwa uchi, kisha akajitupa baharini, wanawake wanacheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Tunawajua wavuvi.

Halafu samaki 153. Nilishawahi kusikia mahubiri marefu juu ya namba hiyo, maana zake za siri na nini. Bibi hakuinua hata macho kwenye ungo.

"Walihesabu kwa sababu kuna mgao," alisema. "Mwenye mtumbwi wake, mwenye nyavu wake, na wavuvi. Umeona wapi samaki wasiohesabiwa?"

Tukanyamaza. Kisha akaniambia nirudi nyuma, mstari wa tisa. Nikasoma: "wakaona huko moto wa makaa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate."

"Hao samaki wa kwenye moto wametoka wapi?"

Nikaangalia. Nyavu bado ziko majini. Petro hajazivuta. Miaka yote nimesoma kwamba walipata wengi, sikuwahi kuona kwamba moto ulishawaka na samaki wameshaiva kabla wao hawajaleta hata mmoja. Bibi akaendelea kuchambua. "Yesu alikuwa na samaki wake," akasema. "'Njoni mfungue kinywa.' Hakuwauliza deni."

Mimi nikainama kwenye ungo, nikachambua haraka haraka ili wasinione usoni.

Saa 8 mchana

Kijana wa mkopo amekuja na daftari lake. Rejesho ni 35,000, nina 27,000. Sikumsomea mstari wowote. Nilimwambia nilichonacho ni hiki, nane nitaleta Jumatatu. Akaitazama mizani yangu kwa muda mrefu, mizani niliyoinunua kwa jasho. Akaandika "pungufu", akaongeza faini, akaondoka. Miguu ilinitetemeka baadaye, si wakati ule.

Saa 11 jioni

Kuanua na kufunika. Leo nimepata nafasi kwenye chanja, nusu tu, kwa mwenzangu anayesafiri kesho.

Saa 1 usiku

Maji bombani kwetu hayapandi mpaka juu, kwa hiyo ni ndoo, mawe, ngazi za kuchonga, mawe tena. Zaburi ya 121 ina kichwa chake kidogo ambacho wengi hukiruka: Wimbo wa kupanda mlima. Ziko 15 za namna hiyo zinafuatana. "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Milima naitazama, tena naipanda na lita 20 kichwani, na naweza kushuhudia kwamba msaada hautoki mlimani. Naisema kwa mapigo ya hatua, mstari kwa jiwe. Kwa kawaida "asisinzie akulindaye" inanikuta kwenye jiwe kubwa lenye ufa, pale ninapotua ndoo.

Mwanangu amepika ugali. Dagaa, bila shaka.

Saa 4

Radi zinamulika upande wa Ukerewe. Turubai kule Mwaloni nililifunga mara mbili, na kila kona nikaweka jiwe.