Madaftari Mawili

Mama hakutaka niende kwa wakili. "Limeshaandikwa, mwanangu," aliniambia asubuhi ile ya Julai 2017, huku akinifunga kamba za viatu, maana kuinama nilikuwa siwezi. "Huyo daktari ni sababu tu." Sikumjibu. Nilitia madaftari mawili kwenye mfuko wa rambo, nikashika magongo, bajaji ikanitoa Ngamiani, hapa Tanga, na kunivusha reli hadi mjini.

Ofisi ilikuwa ghorofani. Ngazi kumi na tisa. Nilizihesabu, kwa kuwa mguu wangu wa kulia hauna hisia na ni lazima niutazame ndipo nijue umekanyaga wapi.

Wakili alikuwa mama wa makamo, kajitanda mtandio, kikombe cha chai ya tangawizi mezani. Hakuanza na pole, alianza na tarehe. Miguu iliacha kufanya kazi lini? Desemba 2014. Akahesabu kwa vidole: miaka miwili na miezi saba. "Madai ya uzembe ukomo wake miaka 3, kaka. Umejikongoja, lakini umefika." Akauliza tena kama zahanati ni ya serikali au ya mtu binafsi. Ya mtu binafsi. Akashusha pumzi: ingekuwa ya serikali tungelazimika kutoa kwanza notisi ya siku 90, na miezi yenyewe ndiyo hiyo.

Nikamsimulia. Mimi ni fundi cherehani. Mgongo ulianza kuuma taratibu, usiku jasho likilowesha shuka, na suruali zangu nikawa nazipunguza kiuno mara kwa mara. Hili la suruali hunichekesha hadi leo: napima viuno vya watu mtaa mzima, changu kinapungua inchi tatu na sijiulizi. Lakini mimi si daktari. Aliyekuwa daktari alinichoma sindano ya daiklofenaki, ya kutuliza maumivu, akasema nainamia cherehani mno. Nilirudi mara nne. Picha ya eksirei hakuniandikia, wala damu haikupimwa. Ndugu waliponifikisha Muhimbili nilikuwa nimebebwa, na MRI ikaonyesha TB imekula pingili mbili, usaha unakandamiza uti wa mgongo. Nikapasuliwa, nikameza vidonge mwaka mzima. Dawa za TB nchi hii ni bure. Hilo ndilo liniumalo kuliko magongo.

"Kuumwa kwako si kosa lake," wakili alisema. "Sisi tuonyeshe kwamba daktari mwangalifu angepima, na kwamba angepima mapema ungekuwa unatembea. Nipe daftari."

Lilikuwa daftari la shule, jalada limelowa mafuta ya cherehani, ndilo nililokuwa nikienda nalo zahanati. Akafunua polepole. Kwenye hudhurio la tatu akavaa miwani, akasogea dirishani.

"Siku hii ulimwambia nini?"

"Kwamba nyayo zinakufa ganzi, na mkojo unatoka kwa shida."

"Basi kaandika. Tazama: ganzi, miguu yote miwili. Na chini yake?"

Chini yake palikuwa na sindano ileile, na dawa ya kuchua.

Daftari lile nilikaa nalo nyumbani muda wote huo bila kulisoma, nikijua mwandiko wa daktari haunihusu. Na muda wote huo nilijilaumu: pengine sikueleza vizuri, pengine niliona haya kutaja mkojo. Kumbe alinisikia. Alinisikia, akaandika, akageuza ukurasa.

Daftari la pili lilikuwa la kazi: bega, kifua, urefu wa mkono, na malipo ya kila mteja. Nilidhani nimelibeba bure, kumbe ndilo lililomfurahisha. Maumivu hakimu huyakadiria mwenyewe, alisema, lakini kipato kilichopotea sharti kithibitishwe shilingi kwa shilingi, na wengi huja na mdomo tu. Tulikaa mpaka adhuhuri tukijumlisha kanzu za Idi na za Maulidi, na sare za shule za kila Januari. Januari 2015 ilikuwa karatasi tupu.

Akaniuliza pia kama nataka fidia au nataka daktari aadhibiwe, kwani la adhabu hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Nikachagua fidia. Lile la pili sikulifuatilia, na sijui kama nilifanya vyema.

Kesi haikufika kwenye ushahidi, tulimalizana kwenye usuluhishi. Kiasi sikitaji, wala jina la zahanati, ndivyo tulivyotia saini. Nilinunua cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nayo ina tabu yake, mkono mmoja tu ndio unaoongoza kitambaa. Wenzetu wa zahanati waliomba tuwape na daftari. Wakili akawapa nakala kivuli.

Lakini jioni ile ya kwanza, niliporudi, mama alitaka kuuona huo mstari. Mama anasoma msahafu vizuri sana, ila herufi za kizungu hazijui. Nikamfungulia ukurasa. Akaweka kidole upande wa kulia, akakipitisha pole pole kwenda kushoto.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, mama."

Akakirudisha kidole mwanzo, akaniambia nimsomee tena.