Nilivyounda gitaa la umeme la mninga na mpingo nyumbani Arusha

Katika gitaa la umeme, vipimo vya shingo vina uzito kuliko bei ya pikapu (sumaku zenye koili zinazonasa sauti ya nyuzi). Kwa hiyo kazi niliianzia kwenye urefu wa uzi: mm 648 kutoka nati (kipande kinachoshika nyuzi mwanzoni mwa shingo) hadi briji (kishikio cha nyuzi mwilini). Kila kitu kingine kinafuata hapo.

Mwili na shingo ni mninga. Mwili una unene wa mm 45. Mninga uliokauka sawasawa haupindi ovyo, na mita moja ya ujazo ina kilo 600 na ushee. Mpingo unapita kilo 1,200, hivyo mwili wa mpingo ungemchosha mpigaji bega. Mahali pake ni ubao wa vidole, yaani uso wa shingo unaobonyezewa nyuzi, kwa sababu ni mgumu na hauliki upesi chini ya nyuzi. Wachongaji wa vinyago hapa mjini hubakiwa na vipande, ila kipande kilichonyooka cha sentimita 48, kisicho na ufa, hakipatikani haraka, maana mpingo wenyewe hukua umepindapinda. Mbao hii ina mafuta: futa upande wa kugundisha kwa spiriti, upake gundi papo hapo, la sivyo itabanduka. Vumbi la mbao zote mbili linawasha pua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa.

Kabla ya kugundisha ubao wa vidole, chimba mfereji katikati ya shingo na ulaze humo chuma cha kurekebishia shingo inapopindwa na mvuto wa nyuzi.

Nafasi za freti zote (vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole) nilizipima kuanzia nati. Ukipima kutoka freti moja kwenda nyingine, kosa la nusu milimita linajikusanya, na ukifika ya ishirini umepotea kwa sentimita nzima. Gawa 648 kwa 17.817 upate freti ya kwanza: mm 36.4. Ya 5 inakaa mm 162.55, ya 7 mm 215.5, na ya 12 lazima iangukie 324, nusu kamili. Msumeno ukate njia yenye upana wa mguu wa freti, kama mm 0.6. Njia ikiwa pana, freti inainuka. Ikiwa nyembamba mno, freti zote zinageuka kabari na kuisukuma shingo irudi nyuma.

Shingo inakaa kwenye shimo lenye kina cha mm 16, imeshikwa kwa skrubu nne. Matundu ya mwilini yawe mapana kiasi cha skrubu kupita bila kung'ata. Zing'ate shingoni tu. Zikiuma kote kuwili, mwanya unabaki katikati na huwezi kuuondoa kwa kukaza. Kabla ya kutoboa matundu ya briji, vuta uzi mbili za kushonea kutoka nati, uone kama zinaachana sawa na kingo za shingo. Kikalio cha uzi mwembamba (kipande cha briji kinachobeba uzi mmoja, nacho husogezwa mbele na nyuma) kiwe kwenye 648 kikiwa kimesogezwa karibu na mwisho wa mbele, kwa sababu vikalio vingi vitahitaji kurudi nyuma.

Umeme: pikapu za koili mbili zinataka potensiomita (vipinga vya kuzungusha, vya kurekebishia sauti) za kiloomu 500, za koili moja 250. Kwa toni nilitumia kapasita ya mikrofaradi 0.022. Kwaruza mgongo wa potensiomita kwa tupa kabla ya kulehemu, tena kwa chuma cha wati 40 au zaidi. Chuma dhaifu kinakulazimisha kushikilia muda mrefu hadi unaunguza njia ya ndani. Waya wa ardhi kutoka briji usisahaulike: bila huo, gitaa linavuma, na ukigusa nyuzi mvumo haupungui.

Kuseti kuna mpangilio wake, na hapa ndipo magitaa mengi mazuri yanaharibiwa. Weka nyuzi (nilitumia 10–46, yaani unene kwa elfu za inchi), tuni, halafu anza na shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili. Kwenye freti ya 7 au 8 kuwe na mwanya wa mm 0.25 kati ya uzi na freti. Fila geji ya mafundi pikipiki (bapa za chuma za kupimia mianya) inapima vizuri kabisa. Geuza chuma cha shingo robo mzunguko tu, tuni tena, pima tena. Kisha nati: bonyeza freti ya 3, uzi uikaribie freti ya kwanza bila kuigusa. Baadaye kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, mm 1.6 upande mwembamba na 2 upande mnene.

Mwisho ni sauti ya freti ya 12. Ilinganishe na ile ya kugusa uzi kidogo tu hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Ikiwa sauti inayumba na haitulii, shusha pikapu kwanza, kwani sumaku iliyo karibu sana inavuta uzi. Mwanya wa shingo upime upya masika yakiisha.