Stoo Imejaa, Gari Halitoki

Gereji yangu iko Nyakato, Mwanza, na wateja wangu wengi ni wenye Hiace za daladala. Kwa muda mrefu nilijivunia stoo iliyojaa mpaka darini. Halafu wiki moja Hiace nne zikakwama juu ya jeki, mafundi wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Kisa? Boljointi, vile viungo vya miguu ya mbele, zimekwisha. Stooni humohumo kulikuwa na radieta sita za magari ambayo hata sikumbuki mara ya mwisho yaliingia lini getini.

Fundi mkuu akanichana: "Bosi, hela yetu imelala humo ndani, na sisi tumelala huku nje."

Nikaanza kufuatilia viwanda vya magari vinafanyaje. Toyota, kwa kazi ya mhandisi wao Taiichi Ohno, walikuja na kadi ziitwazo kanban: kipuri kikichukuliwa, kadi yake inarudi kuagiza kingine. Wazo hilo Ohno alilitoa kwenye supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kadiri wateja wanavyobeba.

Nikaiga kwa pupa, nikauza nusu ya stoo. Ikanitokea puani. Wengi wanaoiuzia Toyota vipuri wako jirani na viwanda vyake. Muuzaji wangu yuko Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, na mzigo unakuja kwa basi. Na hata wao yaliwakuta: Februari 1997 kiwanda cha Aisin, kampuni inayoiuzia Toyota vipuri, kiliungua, valvu ndogo tu ya breki ikaadimika, na karibu viwanda vyote vya Toyota vya Japani vikasimama kwa siku kadhaa.

Basi nikapanga upya kwa kuhesabu siku. Breki pedi za Hiace tunamaliza seti 10 kwa wiki ya siku sita. Toka nipige simu hadi mzigo ushuke stendi ya mabasi ya Nyegezi ni siku tatu, yaani seti tano. Nikaongeza tatu za basi kuchelewa. Zikibaki nane, kadi inatundikwa msumarini, naagiza. Radieta siweki kabisa; gari likija ndipo naagiza. Mafundi ni walewale watano, ila drafti sasa inachezwa jioni.

Juzi dalali kaniletea shokapu kwa bei ya kutupa. Mkono ulishafika mfukoni. Fundi mkuu akauliza, "Bosi, kadi yake iko wapi?"

Dalali akaondoka na mzigo wake.